Maswali ya Wasomaji: 240Z ya Marehemu Baba Imenoki, Niweke Injini Gani?

SWALI: Salaam fundi, na shikamoo kama umenizidi umri. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi niko hapa Tororo. Marehemu baba aliniachia Datsun 240Z ya 1972, injini ni ile ile ya kwanza, L24, na giaboksi ya gia tano. Mwezi uliopita natoka Malaba oili ikavuja yote njiani, kufika mjini injini inagonga kama mtu anapiga nyundo. Fundi wa hapa anasema hiyo sasa ni chuma chakavu, nitoe niweke 2JZ ya Toyota. Binamu yangu wa Kampala anasema gari ya Nissan iwekwe injini ya Nissan, nitafute RB26 ya Skyline. Na kuna mzee mmoja rafiki wa baba ananiambia nitafute L28 kwenye Patrol ya zamani. Hela nilizonazo ni za injini moja tu, sio mbili. Gari nataka niendeshe wikendi, Mbale, kupanda Kapchorwa, na mara moja moja Kampala. Nisaidie fundi maana nikikosea hapa gari kama hii siipati tena. Msomaji, Tororo.

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Nakupa jibu mapema ndio tuongee vizuri: kabla hujanunua injini yoyote fungua kwanza hiyo uliyonayo, kama bloku haijatoboka ijenge hiyo hiyo. Kama imetoboka, mzee rafiki wa baba yako ndiye aliyesema kweli, tafuta L28. 2JZ naiweka ya tatu na iwe ile isiyo na turbo. RB26 kwa hela ulizosema na kwa hapa Uganda mimi siwezi kukushauri hata kidogo.

Sasa tuanze na hiyo ya kugonga. Injini kunoki sio kwamba imekufa, mara nyingi ni kwamba oili ilikosekana, beringi za konrodi (vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini) zikapata moto zikalika, nafasi ikaongezeka na sasa konrodi inapiga krenki kila ikizunguka. Ukiizima mapema kinachoharibika ni beringi na pengine krenki kidogo, ukiiendesha hivyo hivyo ndio konrodi inakatika inatoboa bloku na hapo kweli ni chuma chakavu. Kwa hiyo usiiwashe tena, hata kumwonyesha mtu sauti. Mwaga oili iliyobaki kwenye beseni safi uiangalie juani, ukiona inametameta chembe za rangi ya shaba basi ni beringi hizo. Halafu shusha sampu, lile beseni la oili chini ya injini, fungua kepu za konrodi moja moja, futa krenki kwa kitambaa safi na upitishe ukucha wa dole gumba pale beringi inapokaa, kutoka upande huu kwenda upande ule. Ukucha ukiteleza bila kukwama krenki yako ni nzima, itapigwa polishi tu. Ukikwama kwenye michirizi krenki inaenda kusagwa, inapunguzwa robo milimita na unaweka beringi za saizi inayofuata, kazi ya kawaida kabisa kwa mashine shopu za Kampala, wanaifanya kila siku kwenye injini za malori. Fundi wako hapo Tororo hajafungua kitu, amesikiliza sauti tu, na mimi mtu anayehukumu injini bila kushusha sampu simwamini, anisamehe.

Silinda za L24 ni milimita 83. Zikiwa zimelika zinachongwa, unaweka pistoni za oversaizi ya nusu milimita au milimita moja, na hizo pistoni pamoja na gaskiti na ringi bado zinatengenezwa mpaka leo kwa sababu hii gari inapendwa dunia nzima. Utaagiza, utasubiri, lakini zinapatikana. Na injini yenyewe ni rahisi kweli, silinda sita kwenye mstari mmoja, bloku ya chuma, hedi ya aluminiamu, kamshafti moja inayozungushwa na cheni sio mkanda, hakuna kompyuta, hakuna sensa, fundi yeyote mwenye nidhamu aliyewahi kufumua injini ya Datsun pikapu anaielewa.

Kuna jambo lingine ambalo fundi wako hakukwambia. Fungua boneti uangalie, kuna kibati kidogo cha chuma ndani ya chumba cha injini, kimeandikwa namba ya chasisi na namba ya injini. Namba ya injini kwenye kibati ikilingana na ile iliyogongwa kwenye bloku, una gari iliyokamilika kama ilivyotoka kiwandani, na watu wanaokusanya magari haya wanalipia sana hicho kitu. Januari 2020 kule Marekani 240Z moja ya 1971 ambayo haikuguswa-guswa iliuzwa dola 310,000. Sisemi yako ina thamani hiyo, wala sisemi uiuze, ya baba haiuzwi ovyo. Nasema hata ukiamua kuweka injini nyingine leo, hiyo L24 usimpe fundi, usiiuze kwa kilo. Ipake oili, ifunge kwenye turubai, iweke stoo juu ya mbao, siku moja wewe au mtoto wako mtairudisha.

Na kuna heshima yake pia jamani. Hii gari na barabara zetu wanajuana. 240Z ilishinda mbio za rali za Safari ya Afrika Mashariki 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, halafu 1973 akashinda Shekhar Mehta, ambaye alizaliwa hapa hapa Uganda, familia yake ikaondoka 1972 wakati wa Amin akaenda kuishi Kenya, mwaka uliofuata tu akabeba kombe, na baadaye akashinda tena miaka minne mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982 na Datsun nyingine. Injini iliyovuta zile 240Z kwenye tope na vumbi ilikuwa L24 ya ukoo huo huo wa kwako, ila imeandaliwa kwa mashindano. Kwa hiyo mtu akikwambia hiyo injini haiwezi barabara ya Kapchorwa mwache aongee.

Sasa tuseme umeshusha sampu na umekuta shimo kwenye bloku. Hapo ndio L28. Uzuri wake ni kwamba L24, L26 na L28 ni bloku za kimo kimoja, maunti zinakaa pale pale, giaboksi yako inafunga bila kubadilisha kitu, propela haikatwi, dashibodi yako haiguswi, na kwa macho mtu akifungua boneti hata hajui kama umebadilisha. L24 ina sisi (cc, yaani ukubwa wa injini) 2,393, L28 ina 2,753. Hizo 360 za ziada ni karibu asilimia 15, na hapa kwetu zina maana kubwa kwa sababu huku tuko juu, Kampala ni karibu mita 1,190 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu asilimia 12 hivi ukilinganisha na mtu anayeendesha Mombasa. Yaani L28 kwa Kampala inakurudishia kile ambacho mlima umekuchukulia na inabakisha kidogo.

Utaipata wapi? Nissan Patrol za petroli za miaka ya 80, zile za mraba, baadhi zilikuja na L28, na magari kama Cedric na 280ZX. Ila Patrol nyingi za wakati ule zilikuwa dizeli au na injini nyingine ya petroli, kwa hiyo usisikilize maneno ya muuzaji, nenda na tochi na brashi ya waya, sugua pale kwenye bloku namba ilipogongwa, lazima uone herufi L28 mbele ya namba. Usipoziona rudi nyumbani na hela yako. Ukiipata ya Patrol, sampu yake usiitumie, imetengenezwa kwa gari refu la juu, ya kwako inatakiwa kina chake kiwe nyuma ya ile krosimemba ya mbele. Hamisha sampu ya L24 pamoja na bomba lake la kuvuta oili, hamisha distributa, manifoldi na kabureta zako mbili. Kitu kimoja ambacho mafundi wengi wanakisahau ni ile kola inayobeba beringi ya klachi, kola na presha pleti lazima ziwe za seti moja, ukichanganya za L24 na za L28 klachi haitaachia au itateleza, utashusha giaboksi mara ya pili bure. Na hedi, ukitaka kuweka hedi ya L24 juu ya bloku ya L28 yenye pistoni bapa, kompresheni inapanda kufika 10 kwa moja na kupita, kwa petroli ya kawaida ya hapa injini itapiga kelele ya kokoto ukipanda mlima. Kama fundi wako hajui kupima hayo basi iache L28 na hedi yake.

Kabureta usimwachie mtu azirekebishe kwa masikio tu. Hizo za Hitachi zina nati chini, ukiipandisha mchanganyiko unapungua petroli, ukiishusha unaongezeka. Huku juu gari iliyowekewa vipimo vya pwani inakunywa petroli nyingi kuliko hewa, plagi zinakuwa nyeusi za masizi. Endesha kilomita kadhaa, zima, toa plagi uangalie, unataka rangi ya kahawia ya mwanga. Ukienda Kapchorwa ujue huko ni juu zaidi ya Tororo, kwa hiyo usishangae ikiwa nzito kidogo.

Tuje 2JZ maana najua fundi wako hatakuacha. Mimi siichukii, ni injini nzuri sana, sisi 2,997, bloku ya chuma, nguvu kama farasi 220 bila turbo, na sababu kubwa ya kuifikiria ni moja tu, spea zake ziko kila kona, ukienda Kisekka au Ndeeba unapata pampu ya maji, sensa, gaskiti, kila kitu, kwa sababu Toyota zenye injini za ukoo huu zimejaa mjini. Kwa mtu anayetaka gari ya kila siku hiyo ni hoja nzito, na mtu wa hivyo nisingemkatalia. Ila sikiliza gharama zake zote sio injini tu. Magari hayo karibu yote ni otomatiki, giaboksi ya gia za mkono inayofunga kwenye 2JZ ni adimu na ukiipata bei yake inaweza kukushtua kuliko injini yenyewe. Maunti za kuchomelea, propela ya kukatwa, redieta kubwa, feni za umeme, egzosi mpya yote. Petroli ya injekta inataka presha ya karibu bar 3, tanki lako na pampu yako vimetengenezwa kwa kabureta ambazo zinataka kidogo sana, kwa hiyo pampu mpya, bomba la kurudisha petroli tankini, na waya wa maana. Sampu nazo, Toyota aliweka sampu tofauti kwa magari tofauti, unaweza kununua injini nzuri ikakataa kukaa. Na ukinunua hakikisha umepewa waya zote bila kukatwa, kompyuta yake, na kama ina imobilaiza, kile kifaa cha kuzuia wizi, upewe na ufunguo, la sivyo umenunua uzito.

Halafu tafadhali, mtu akikuletea injini imeandikwa D4, yaani 1JZ au 2JZ zenye FSE mwishoni, iache. Hizo zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, petroli ikiwa na uchafu au maji kidogo pampu na injekta zinaumwa, na kwenye gari ya zamani yenye tanki la kutu ndio kabisa. Bei yake huwa nzuri sana sokoni na sababu ni hiyo.

RB26 ya binamu. Ni injini ya sifa, ya Skyline GT-R, turbo mbili, sisi 2,568. Lakini GT-R ngapi umeziona Uganda? Kikiharibika kitu kimoja unaagiza Japani au Uingereza, na wewe umesema hela ni za injini moja. Na ilitoka kwenye gari inayovuta magurudumu manne, sampu yake imebeba na sehemu ya ekseli ya mbele, haiingii kwako bila kubadilishwa. Hata RB25 iliyo rahisi zaidi spea zake hapa ni za kuwinda. Binamu yako anapenda gari na mimi namwelewa, ila yeye hatakuwepo Mbale saa mbili usiku ukitafuta sensa ya krenki.

Ukiniuliza mimi ningeweka wapi hela inayobaki, ningeanzia chini. Hizi gari ugonjwa wake ni kutu, chini ya betri, sakafu, na zile reli za chini zinazobeba mwili, bati lake ni jembamba. Kabla ya kuongeza nguvu piga bisibisi kila mahali, ikizama ujue kazi yako ya kwanza ni ya fundi wa kuchomelea. Breki za mbele ni diski, nyuma ni dramu. Kuna jambo zuri hapa kwetu, kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux 4x4 za kuanzia 1979 mpaka 1985 zinafunga kwenye stabu ya 240Z na diski yako ile ile, unakunja tu bati la kuzuia vumbi, na Hilux hizo hatujakosa. Difu yako ni aina ya R180, kwa L24 au L28 inatosha, ukienda kwenye turbo italia. Subaru STI nayo ilitumia R180 yenye limited, yaani inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure, hapa wapenzi wa rali wanazijua vizuri, inataka kurekebishwa kidogo kwenye shafti za pembeni lakini inawezekana. Hayo ya difu yafikirie mwakani.

Na jua kwamba tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Kwa hiyo ulivyosema ukikosea hupati nyingine umesema kweli kabisa, bodi uliyonayo ndiyo hiyo. Kitu chochote kinachokatwa na kuchomelewa kwenye chumba cha injini hakirudi kama kilivyokuwa, na L28 haitaki kukata hata kipande kimoja. Kwangu hoja hiyo peke yake inatosha.

SWALI: Fundi, nimesoma jibu ulilompa mtu mmoja kuhusu kupima kompresheni kabla ya kununua injini Kisekka. Nimepima injini ya 1G ya Toyota kwa ajili ya gari yangu, silinda zote sita zimetoa kati ya psi 145 na 150, muuzaji anasema ni nzima, rafiki yangu ameangalia kwenye simu anasema inatakiwa iwe zaidi ya hapo. Nani mkweli? Dada wa Ntinda.

JIBU: Dada, wote wawili wana kitu. Namba za kwenye simu ni za usawa wa bahari. Geji inapima hewa iliyobanwa, na hewa ya Kampala ni nyepesi, kwa hiyo injini ambayo pwani ingetoa 170 hapa inatoa 150 hivi bila ubaya wowote. Cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, na yako ni tano tu, hiyo ni nzuri sana. Ila niambie ulipimaje. Injini inatakiwa iwe na moto, plagi zote sita zimetolewa, betri imejaa, na mtu amekanyaga ekseleta mpaka mwisho, maana kama throtoli imefungwa hewa haiingii na utaikataa injini nzuri. Ingekuwa silinda moja iko chini, ungemwagia kijiko cha chai cha oili pale penye plagi na kupima tena, ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gaskiti. Fungua pia kifuniko cha oili upitishe kidole ndani, ukikuta uji mweupe kama maziwa ujue maji yameingia kwenye oili, hapo hata kompresheni iwe nzuri namna gani usitoe hela.

SWALI: Habari za kazi. Niko Mbarara, nina MGB ya 1970 niliyoinunua kwa daktari mmoja aliyestaafu. Injini ya 1800 imechoka, nimeshaijenga mara moja na imerudi kula oili. Kuna watu wananishauri niweke dizeli ya Hiace itakunywa mafuta kidogo. Unaonaje?

JIBU: Hapana ndugu, dizeli hapana. Ni nzito, inatetemesha bodi, inataka difu ya uwiano mwingine na mwisho utakuwa na gari ya michezo inayopitwa na taksi pale Lyantonde. MGB ni gari ya kuzungusha injini na kusikia upepo, ukiondoa hilo hakuna ulichobakisha.

Wewe una bahati ambayo pengine huijui. Kiwanda chenyewe kiliwahi kuweka V8 kwenye MGB, ile MGB GT V8 ya 1973 mpaka 1976, na injini ilikuwa V8 ya Rover ya sisi 3,528, ambayo ndiyo ile ile iliyowekwa kwenye Range Rover, na baadaye ikakuzwa kufika 3.9 kwenye Discovery na Range Rover. Land Rover Uganda hatukukosa, na nyingi zimelala bodi zimeoza injini bado iko. Watu wakisikia V8 wanaogopa uzito, lakini hii ni aluminiamu bloku na hedi, uzito wake ni karibu sawa na hiyo silinda nne yako ya chuma, kwa hiyo pua ya gari haiinami wala stelingi haiwi nzito. Kazi iko kwenye manifoldi za egzosi maana nafasi ni ndogo pembeni, redieta kusogezwa mbele, na feni za umeme, kwa sababu MGB yenye V8 kwenye foleni inachemsha haraka. Kwa gia, tafuta giaboksi ya mkono ya gia tano ya Rover SD1, ukikosa hiyo utahangaika kidogo. Angalia kamshafti kabla hujalipa, hizi V8 zinakula kamshafti na lifta kama mtu alichelewesha kubadilisha oili, toa kifuniko cha valvu, zungusha injini kwa mkono na uangalie kama roka zote zinapanda sawa, yenye kupanda kidogo kuliko wenzake kamu yake imelika.

Ila kabla ya yote hayo, umesema ulishaijenga mara moja na ikarudi kula oili. Je silinda zilichongwa au ziliwekwa ringi mpya tu kwenye silinda zilizokuwa yai? Maana ukiweka ringi mpya ya duara kwenye silinda ambayo si duara tena, oili itapita tu, hata ubadilishe mara kumi. Mwambie mtu wa mashine shopu apime kila silinda juu, katikati na chini, pande mbili mbili, aandike kwenye karatasi. Inawezekana V8 huihitaji kabisa, unahitaji kuchonga tu.

SWALI: Mimi ni kijana wa Arua, nina Celica ya 1974, ile ya taa nne mbele. Nataka injini ya kisasa kidogo lakini ibaki Toyota. Naomba ushauri mfupi.

JIBU: Tafuta Altezza iliyogongwa, sio injini peke yake. Ile RS200 ina 3S-GE ya sisi 1,998 yenye farasi kama 200, imetengenezwa kwa gari inayosukuma magurudumu ya nyuma, na nyingi zina giaboksi ya mkono ya gia sita. Ukichukua gari zima lililogongwa nyuma unapata injini, gia, waya, kompyuta na ufunguo wake vyote vikiwa vinajuana, na unaweza kuiwasha kabla hujaitoa. Angalia isiwe AS200, hiyo ni silinda sita ya 1G, sio mbaya lakini ni ndefu na haina moto wa 3S. Na usikubali 3S ya Corona au ya Ipsum kwa sababu tu ni rahisi, hizo zimelala kwa upande, za kuvuta magurudumu ya mbele, utatumia hela ya ziada kuzigeuza kuliko uliyookoa.

SWALI: Naomba kujua, nikibadilisha injini ya gari yangu ya zamani kuna shida na polisi? Msomaji wa Bombo.

JIBU: Shida inakuja kama hukufuata karatasi. Logbuku ina namba ya chasisi na namba ya injini, injini ikibadilika namba haiendani, na siku ya kukaguliwa, kuuza au kudai bima hapo ndipo utaulizwa. Ukinunua injini muuzaji akuandikie risiti yenye namba kamili ya injini, jina lake na sahihi, na kama imetoka kwenye gari zima omba kopi ya logbuku ya gari hilo, wenye duka wazuri wanakupa. Nunua mbele ya shahidi, wengine wanaandikiana na kugongesha muhuri wa mwenyekiti wa kijiji (LC1) na sio kazi bure. Halafu nenda kwenye usajili wa magari wabadilishe namba kabla gari haijaanza kutembea. Injini isiyo na namba, au namba iliyosagwa kwa grainda, usiiguse hata wakikupa nusu bei, maana inaweza kuwa imeibwa na gari yako ndiyo itakayokaa kituoni. Risiti na karatasi za mauziano ziweke nyumbani pamoja na logbuku, ndani ya gari weka kopi tu.